Kitu Kinachotembea Kichakani

Mwindaji amekaa kimya kando ya msitu. Jua limekwisha kushuka. Mbele yake majani yanatikisika. Hakika kuna kitu, na kitu hicho kinatembea. Je, ana ruhusa ya kupiga?

Swali hili ni la zamani katika vitabu vya maadili vilivyosomwa katika seminari, na kila aliyepita darasani analikumbuka jibu lake. Kama mwindaji ana shaka ya kweli kwamba huenda ni mtu, hana ruhusa. Haimfai kusema: "Labda ni nguruwe wa porini, tena mara nyingi huwa nguruwe." Katika mambo mengine ya dhamiri twaweza kufuata maoni yenye sababu nzuri, hata kama maoni mengine yana sababu nzuri zaidi. Lakini pale ambapo uhai wa mwingine umo hatarini, walimu wa elimu hiyo hutufundisha tushike njia iliyo salama kuliko zote. Nguruwe aliyekimbia leo atarudi kesho.

Tumelikumbuka swali hilo kwa sababu siku hizi mwindaji hakai tena kando ya msitu. Anaketi ndani ya ndege, mbali kilometa 200 na kichaka chake, mbele ya kioo kinachoonyesha nukta. Na nukta hizo zinatembea. Msomaji mpenzi, tukuombe uvumilivu kidogo, kwa maana hatuwezi kuhukumu kazi ya chombo hiki tusipojua kinafanyaje kazi. Wengi hukemea vyombo vya Wazungu bila kuvijua, na wengine huvisifu vivyo hivyo.

Rada si jicho kama jicho letu. Inatuma mawimbi ya redio, kisha inangoja mwangwi wake, kama mtoto anayepiga kelele mbele ya mlima na kusikiliza sauti ikirudi. Mawimbi hayo huenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Basi kwa kupima muda wa kwenda na kurudi, chombo hujua kitu kiko mbali kiasi gani. Giza haliizuii rada, wala mawingu, wala moshi.

Walakini mwangwi peke yake hautoshi. Ukitazama chini kutoka angani, kila kitu kinarudisha mwangwi: mawe, mapaa ya nyumba, miti, matuta ya shamba. Gari moja katikati ya hayo yote ni kama punje ya mtama iliyoanguka mchangani. Ndiyo sababu wataalamu walitafuta msaada katika kanuni iliyotolewa huko Prague mwaka 1842 na mwalimu mmoja wa hesabu, Christian Doppler, mzaliwa wa Salzburg katika nchi ya Austria. Yeye alikuwa akifikiri juu ya rangi za nyota, si juu ya vita. Wavuvi wetu wa Kivu na Tanganyika wanaijua kanuni hiyo hata kama hawakuisoma. Ukipiga kasia kuyaelekea mawimbi, mtumbwi wako unapigwa na mawimbi mengi kwa dakika moja. Ukienda pamoja nayo, yanakupiga machache. Vivyo hivyo na mwangwi: kitu kinachokuja kwako kinaurudisha ukiwa na mawimbi mengi zaidi kwa sekunde, na kinachokwenda zake kinaurudisha ukiwa nayo machache zaidi. Rada ikitambua tofauti hiyo, imetambua mwendo.

Lakini tofauti ni ndogo mno. Chukua rada ya mawimbi bilioni 10 kwa sekunde, ambayo kila wimbi lake ni la sentimeta 3 hivi. Mtu akiielekea kwa miguu, mita moja kwa sekunde, anaongeza mawimbi kama 67 tu katika hiyo bilioni 10. Tena rada yenyewe imo ndani ya ndege, nayo ndege inakimbia pengine mita 200 kwa sekunde. Machoni pa rada nchi nzima inakimbia! Milima, makanisa, mibuyu, vyote vina mwendo, kwa sababu anayetazama ana mwendo. Gari linaloenda kasi laweza kuonekana hata hivyo. Lakini kile kinachokwenda polepole, kamioni katika mchanga, trakta, msafara wa watu wenye mizigo, kinazama katika mwendo wa uongo wa ardhi kama jiwe katika ziwa.

Dawa waliyoipata ni nzuri, na twakiri kwamba tulipoielewa tulifurahi kama mtu aliyefumbuliwa kitendawili. Antena inawekwa kwa urefu chini ya ndege, nayo inagawanywa sehemu, moja nyuma ya nyingine. Sehemu ya mbele inatazama. Ndege inasogea kidogo, na sehemu ya nyuma inafika mahali pale pale ilipokuwa ya mbele, nayo inatazama. Basi nchi imetazamwa mara mbili kutoka mahali pamoja, kwa nyakati mbili. Sasa toa mtazamo mmoja katika mwingine. Kila kilichotulia kinajifuta chenyewe: jiwe kutoa jiwe, sifuri, nyumba kutoa nyumba, sifuri. Kinachobaki ni kile tu kilichohama. Baadaye, mwaka 1973, Wamarekani wawili, Brennan na Reed, walitangaza hesabu zinazoonyesha jinsi mashine iwezavyo kujifunza, kwa mwangwi wenyewe, ni kipi cha kutupa na kipi cha kushika.

Tulia hapo kidogo, msomaji. Chombo hiki hakioni kwa kuongeza mwanga juu ya dunia. Kinaona kwa kuifuta dunia. Nyumba inatoweka, kisima kinatoweka, kanisa linatoweka, mtu aliyelala anatoweka, na aliyepiga magoti asali anatoweka. Kinachobaki ni mwendo. Hata huo mwendo haubaki wote: rada inapima tu kumkaribia na kumwacha anayetazama, anayepita kwa kukata njia, ubavu kwa ubavu, ni kama amesimama. Na mawimbi hayo mafupi hayapenyi vizuri majani ya msitu mnene. Hakuna ubaya katika mipaka hiyo. Kila chombo kina mipaka, na jicho letu pia. Twaitaja kwa sababu itatufaa mbele.

Ndege iliyojulikana kuliko zote kwa kazi hii ni ile ambayo Wamarekani waliiita Joint STARS. Ilikuwa Boeing 707, ndege ya abiria iliyobadilishwa, na chini ya tumbo lake ilibeba kitu kama mtumbwi, na ndani ya mtumbwi huo antena ya urefu wa mita 7 na zaidi. Iliweza kuona magari yanayotembea mbali zaidi ya kilometa 200. Mwezi wa Januari 1991, ndege mbili za namna hiyo, zikiwa bado za majaribio, zilipelekwa Uarabuni kwa vita vya Kuwait. Ziliruka mara 49. Usiku wa tarehe 29 Januari, majeshi ya Iraki yalipouelekea mji wa Khafji katika Saudia, zilionyesha misafara yao gizani.

Kisha ukaja mwisho wa Februari. Usiku wa kuamkia tarehe 26 na saa zilizofuata, jeshi la Iraki lilianza kutoka katika mji wa Kuwait, likirudi kaskazini kuelekea Basra. Rada ilionyesha barabara imejaa nukta. Ndege za vita ziliitwa. Zikapiga mbele ya msafara na nyuma yake, barabara ikazibwa, kisha zikapiga katikati. Kulipokucha yalionekana magari zaidi ya 1,000 yaliyoungua au kuachwa: vifaru na kamioni za askari, lakini pia mabasi, motokari za watu binafsi na magari yaliyoibwa yakiwa na vitu vya wizi. Kuhusu hesabu ya waliokufa watu hawajapatana mpaka leo.

Hatutaki kusema kwa wepesi kwamba tendo hilo lilikuwa uuaji. Jeshi linalorudi nyuma na silaha zake bado ni jeshi. Sheria ya vita haimlindi anayekimbia ili akapigane kesho, inamlinda aliyejitoa mikononi. Wako walimu wanyofu waliolitetea tendo hilo, na wako walimu wanyofu waliolihukumu. Sisi twauliza jambo dogo zaidi, ambalo laonekana kwetu kuwa mzizi wa hayo yote. Askari akitaka kujitoa, anainua mikono. Je, nukta inainuaje mikono? Wataalamu walijaribu kutofautisha kwa mwangwi gari la magurudumu na gari la minyororo. Vizuri. Lakini basi lina magurudumu, na kamioni ya askari ina magurudumu.

Hapa twamkumbuka Lameki. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya nne, anawaambia wake zake kwamba ameua mtu, na Maandiko hayaelezi zaidi. Lakini Wayahudi wa kale walisimulia, na walimu wengi wa Kanisa waliipokea hadithi yao, kwamba Lameki alikuwa mzee kipofu aliyependa kuwinda. Kijana mmoja alimwongoza. Siku moja kijana akaona kitu kinatikisika porini, akauelekeza mkono wa mzee, mzee akafyatua mshale. Walipokwenda kutazama, alikuwa Kaini. Mt. Tomaso wa Akwino, katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 64, fungu la 8, auliza kama mtu aliyeua kwa bahati mbaya ana hatia, na amleta Lameki huyo aliyeua mtu akidhani ni mnyama. Jibu lake ni fupi: Lameki hakuchukua uangalifu wa kutosha, kwa hiyo hana udhuru.

Tangu tulipolisoma fungu hilo tumevutwa kuliko yote na wale wawili porini. Mwenye upinde haoni. Mwenye kuona hana upinde, tena anaona kutikisika tu. Kila mmoja aweza kumsukumia mwenzake. Kipofu atasema: "Mimi niliongozwa." Kijana atasema: "Mimi nilionyesha tu, sikufyatua." Hivyo ndivyo kazi inavyogawanyika kati ya aliye mbele ya kioo na rubani anayeitwa kwa redio, na kati yao wapo maofisa wa kupokea, wa kupitisha, wa kuruhusu. Dhambi ikigawanywa kwa watu kumi haiwi sehemu ya kumi kwa kila mmoja. Lakini kila mmoja huihisi kuwa nyepesi. Nasi tunaofundisha dini twajua jambo hilo hata pasipo vita, katika mambo ya mali ya parokia na ya ukoo.

Mtu atatupinga, na upingamizi wake ni wa nguvu. Atasema: "Katekista, wewe walaumu jicho, lakini kumbuka vita visivyo na jicho. Zamani kwa kutokujua majeshi yako wapi walichoma mji mzima. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu, ulihukumu kuangamiza miji mizima pamoja na wenyeji wake. Sasa chombo hiki kinaonyesha jeshi liko barabarani, si mjini. Je, si afadhali?"

Ni afadhali. Twakubali bila kusita. Anayejua mahali jeshi lilipo hana sababu ya kuuchoma mji. Lakini tazama alichokubali mpinzani wetu pamoja nasi: kwamba kuona kunabadili wajibu. Basi kunaubadili pande zote mbili. Walimu wetu walitofautisha ujinga usioshindika na ujinga unaoshindika. Wa kwanza unamwondolea mtu hatia, kwa maana hata angefanya nini asingalijua. Wa pili hauiondoi, kwa maana angaliweza kujua kama angalitaka. Mwindaji asiyeona kitu kabisa na mshale wake ukaenda kumpata mtu, huenda hana kosa. Aliyeona majani yanatikisika amekwisha kuingia katika wajibu wa kuuliza ni nini. Na mwenye rada ameona majani yakitikisika umbali wa safari ya siku nzima, usiku, kupitia mawinguni. Hawezi tena kujificha katika ujinga wa babu zake. Anaweza kungoja. Anaweza kupeleka jicho lingine karibu. Twajua kungoja kuna gharama, pengine ya damu ya askari wake mwenyewe. Na ni lazima gharama hiyo ihesabiwe kwa unyofu, si kudharauliwa na sisi tulioketi salama. Lakini kama hatalipa yeye, atalipa yule wa kichakani, ambaye hakuulizwa.

Hata jicho la karibu laweza kukosea. Tarehe 14 Aprili 1999, katika Kosovo karibu na Djakovica, ndege za NATO zilipiga msafara zikidhani ni wa askari. Hapo haikuwa rada. Marubani waliangalia kwa macho na kwa vyombo vyao, lakini kutoka juu sana, kwa kuogopa mizinga. Walikuwa wakimbizi, wengi juu ya matela yaliyovutwa na matrakta. Walikufa watu zaidi ya 70, na NATO ikakiri kosa. Urefu ule uliowalinda marubani ndio uliowafanya watu wa chini waonekane kama kitu kingine.

Mpaka sasa tumesema juu ya kuona na kuua. Lakini iko dhambi nyingine, na kwetu katika Kongo ya mashariki iko karibu zaidi: kutazama na kusema hakuna mtu. Oktoba na Novemba 1996, kambi za wakimbizi zilizokuwa kandokando ya Goma na Bukavu zilivunjwa kwa vita. Mamia ya maelfu walirudi Rwanda kwa miguu. Wengine, umati mkubwa, waliingia msituni kuelekea magharibi. Miongoni mwao walikuwamo watu wenye silaha waliomwaga damu katika Rwanda mwaka 1994, na walikuwamo akina mama, wazee na watoto wa kunyonya. Askofu mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, aliyewaombea wakimbizi kwa sauti kubwa, alikuwa amekwisha kuuawa tarehe 29 Oktoba. Tarehe 15 Novemba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikubali, kwa azimio namba 1080, jeshi la mataifa mengi liende kuwasaidia, chini ya Jenerali Maurice Baril wa Kanada. Ndege za kupiga picha zikaruka juu ya Kivu ili kuwahesabu watu. Ndipo yakazuka mabishano ya hesabu. Mashirika ya misaada yalisema waliobaki ni mamia ya maelfu. Serikali nyingine, zikishika picha zao, zilisema ni wachache sana. Mwezi wa Desemba jeshi lile lilivunjwa kabla ya kufanya kazi yake. Miezi michache baadaye maelfu kwa maelfu ya watu waliodhaniwa hawapo walikuwa Tingi-Tingi, karibu na Lubutu, mamia ya kilometa kutoka mpakani, wakiwa wameanza kufa kwa njaa na kipindupindu.

Hatusemi kwamba kila aliyesoma picha zile alidanganya. Msitu ni msitu. Lakini kuna tofauti kati ya kusema "hatukuona" na kusema "hawapo", na mtu mwenye chombo kizuri huivuka tofauti hiyo upesi kuliko asiye nacho. Mwenye tochi huamini kwamba mahali tochi isipofika hapana kitu.

Na tuseme pia kilicho chema. Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulianza kurusha kutoka Goma ndege ndogo zisizo na rubani wala silaha, za kutazama tu. Mei 2014 mojawapo iliona mashua iliyopata ajali katika Ziwa Kivu, wakapelekwa waokoaji, na watu wakatolewa majini wakiwa hai. Aliyekuwa mbele ya kioo siku ile hakuwa akiwatafuta wavuvi wala abiria. Alitafuta wenye bunduki. Aliona watu wanazama, akaiacha kazi aliyotumwa.

Tulipokuwa tukiyaandika haya, ilitujia njia ya Yeriko katika Injili ya Luka. Tuiweke ndege yetu juu ya njia ile. Kuhani anashuka: nukta. Mlawi anashuka: nukta ya pili. Msamaria juu ya punda wake: nukta ya tatu, ya polepole kidogo. Na yule aliyepigwa na wanyang'anyi, aliyelala kando ya njia nusu mfu? Huyo hatikisiki. Huyo mashine imekwisha kumfuta pamoja na mawe. Kwenye kioo kile kuhani na Msamaria hawana tofauti, isipokuwa kwamba mahali fulani nukta ya tatu inatoweka. Amesimama. Ameshuka juu ya punda. Saa ile anapotenda lile ambalo Bwana alitaka tulione, yeye naye haonekani tena.

Ndege za Joint STARS zimekwisha kustaafu. Ya mwisho iliondoka kituoni kwake katika Georgia, Marekani, Novemba 2023. Kazi yake inafanywa na ndege nyingine, na sasa wanatayarisha satelaiti za kuifanya kutoka juu zaidi. Bila shaka zitaona vitu vya polepole kuliko vile vya kwanza.

Wengine waliotoka msituni mwaka ule wa 1997 wangali katika vijiji vyetu. Wana mashamba, wana wajukuu, na Jumapili twakaa nao katika benchi moja. Wanasimulia kwamba waliposikia ndege walikuwa wakiambizana wasitembee. Waliwafunika watoto vinywa, wakakaa chini ya miti bila kutikisika mpaka sauti ikapotea.